Tumewapa Wazee Kiti, Tumewanyima Uwanja

Hotuba iliyotolewa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mbele ya wazee na viongozi wa mitaa wilayani Temeke, Dar es Salaam, Siku ya Wazee Duniani

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji, mashehe na wachungaji, wazee wangu wote mliofika: shikamooni.

Asanteni. Kabla sijaeleza lolote, naomba tufanye jambo dogo pamoja. Kila mmoja hapa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Aliye nyuma yako akushikie kiti kisiteleze. Kunja mikono kifuani, kiganja cha kulia kiguse bega la kushoto, cha kushoto kiguse bega la kulia. Sasa simama mpaka unyooke. Keti. Simama tena. Nitaangalia saa mpaka nusu dakika iishe. Mwenye maumivu asijilazimishe, na anayesikia kizunguzungu abaki ameketi.

Haya, inatosha. Vuteni pumzi.

Nimemhesabia mama mmoja wa safu ya mbele, mwenye kanga ya njano, mara 13. Hongera, mama. Nimeona pia baba zangu kadhaa, watu wenye mabega mapana, ambao hawakunyanyuka hata mara moja mpaka waliposhika magoti au kusukuma kiti kwa mikono. Msione haya. Hiki ndicho kipimo tunachokitumia kliniki tunapotaka kujua mzee anaendeleaje. Misuli ya mapaja na makalio iliyokuinua hapo ndiyo inayokutoa kitandani, ndiyo inayokupandisha kwenye daladala, na ndiyo inayokuinua chooni.

Nimetaja choo, na nitabaki hapo kidogo, kwa sababu majumbani mwetu jambo hili halisemwi. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na vingi viko nje ya nyumba, upande wa pili wa ua. Mzee ambaye mapaja yake yamelegea akichuchumaa hana uhakika wa kuinuka. Aibu inamzuia kumwita mkwe wake aje kumnyanyua. Basi anafanya nini? Anaacha kunywa maji tangu alasiri. Nimewauliza wagonjwa wangu jambo hili kwa miaka mingi, na wanapokuwa peke yao na mimi wananikubalia: ndiyo mwanangu, maji nimepunguza ili usiku nisitoke. Halafu watoto wanamleta hospitali, kichwa kinazunguka, mkojo unachoma, choo kigumu, wanasema mzee amezeeka tu. Hakuzeeka tu. Anaogopa safari ya hatua 20 na kuchuchumaa mara moja.

Na anayeogopa hivyo hajakosea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika ajali za bahati mbaya, ni ajali za barabarani tu zinazoua zaidi. Bodaboda tunaiogopa sote, tunaijadili, tunaipigia kelele. Sakafu ya bafuni yenye utelezi hakuna anayeipigia kelele.

Niwaambie habari ya mama yangu mzazi, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kuliko chuo.

Mama alikaanga na kuuza maandazi kwa miaka zaidi ya 30. Alikuwa anaamka saa kumi usiku, anakanda, anasukuma, anabeba ndoo ya maji, anainama kwenye jiko la mkaa. Sisi watoto tulipopata kazi tukakubaliana kwamba sasa mama apumzike. Tulimnunulia kiti, kiti kizuri cha mbao chenye mto. Kila aliposhika ufagio tulimnyang'anya. "Mama, acha, kaa." Alipotaka kwenda sokoni tulimtuma mtoto. Alipotaka kufua tulimwambia majirani watatusema, wataona hatumtunzi. Tulikuwa tunampenda, na Mungu anajua. Kwa miaka miwili mama alikaa kwenye kile kiti akitazama njia. Mwaka wa tatu aliinuka usiku kwenda msalani, akaanguka uani, akavunjika nyonga.

Hospitali tulikompeleka mtu mmoja aliyevaa koti jeupe alituambia kwamba kwa umri ule mwacheni tu apumzike kitandani. Nilikuwa tayari nimesomea kazi hii, na bado kwa siku kadhaa nilikubali, kwa sababu neno "apumzike" likisemwa juu ya mzee linasikika kama heshima. Mwenzangu mmoja wa kazi ndiye aliyenitikisa. Tukaanza kumkalisha, kumsimamisha, kumtembeza akishikilia ukuta. Ilichukua miezi. Mama alitembea tena kwa fimbo, akafika mpaka dukani kwa miguu yake, na aliishi miaka mingine sita. Kile kiti tulikigeuza kikawa chombo cha mazoezi, asubuhi mara 10, jioni mara 10, juu na chini.

Kwa hiyo ninapozungumza leo sizungumzi na watoto wabaya wanaotupa wazazi. Nazungumza na watoto wema. Katika mila zetu mzee akiingia, kijana anainuka na kumpisha. Ni jambo jema, na lidumu. Lakini tumelivuta mbali mno. Tumemkalisha mzee asubuhi, tumemkalisha mchana, tumemkalisha mpaka jioni, na kila akitaka kuinuka tunamuuliza anataka nini tumletee. Mwili hauhifadhiwi kwa kutotumika. Misuli huanza kupungua taratibu tangu ujana unapoisha, na baada ya miaka 60 hupungua haraka zaidi, hasa kwa mtu anayekaa.

Kuna anayejiambia moyoni kwamba mimi nimeshachelewa, hayo ni ya vijana. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha habari za utafiti walioufanya Boston, Marekani, katika nyumba ya kutunzia wazee. Walichukua wazee 10 dhaifu, wastani wa umri wao miaka 90, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha kutumia fimbo. Miaka 90, wazee wangu! Watu wa umri ambao sisi tungekuwa tunanong'ona nani atakayegharimia msiba. Na kuhusu kuanguka, mapitio makubwa ya tafiti 108 yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi, hasa ya nguvu na ya msawazo, yaani kusimama na kutembea bila kuyumba, hupunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi kwa wazee wanaoishi majumbani mwao. Sikijui kidonge tunachoweza kukigawa dirishani kikafanya kazi hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima, awe na miaka 65 na zaidi au chini ya hapo, apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayomfanya apumue kwa haraka kidogo, kama kutembea kwa kukaza mwendo. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Halafu linaongeza kwa wazee: siku 3 au zaidi kwa wiki wafanye mazoezi ya msawazo na ya nguvu. Hilo la pili ndilo huwa halifiki huku kwetu. Mzee anaambiwa "tembea tembea, mama", basi. Kutembea ni kuzuri, lakini kutembea peke yake hakukufundishi kuinuka kutoka chini.

Sasa nije kwenye kiini. Daktari akishakwambia ufanye mazoezi, unayafanyia wapi?

Chukua wazee wawili wa jiji hili, umri mmoja, presha moja, sukari moja. Mmoja anaishi upande wa Masaki au Oysterbay. Anatoka getini asubuhi, njia ya waenda kwa miguu ipo, miti ipo, bahari ile pale. Akitaka anakwenda mpaka Daraja la Tanzanite, anatembea huku upepo unampiga, anawakuta wenzake. Akichoka na jua kuna jimu yenye feni na mwalimu. Wa pili anaishi Tandika, au Buza, au Keko. Akitoka mlangoni anaingia kichochoro chenye mtaro wazi katikati. Mwisho wa kichochoro kuna barabara ambayo kando yake pameshikwa na fremu za biashara, meza za samaki na pikipiki zilizoegeshwa, kwa hiyo mtembea kwa miguu inabidi ashuke barabarani apishane na bajaji. Masika kuna matope, kiangazi kuna vumbi. Mbwa wapo. Kiwanja alichochezea mpira wanawe kimejengwa ukuta. Mzee huyu akirudi kliniki baada ya mwezi na presha ileile, tunaandika kwenye kadi yake kwamba hafuati ushauri.

Nimeandika hivyo mimi mwenyewe kwenye kadi za watu, na leo ninajutia kila kadi.

Kuna jambo nataka viongozi walione kwa macho yao. Pitieni Barabara ya Kilwa alfajiri, pale ambapo mradi wa mwendokasi umeacha njia pana ya waenda kwa miguu. Mtawakuta watu wanatembea, wengine wana mvi kichwani. Hakuna aliyewapigia kampeni. Walipata tu mahali palipo sawa pa kuweka mguu. Kwa hiyo anayesema wazee wa uswahilini ni wavivu, au hawana mwamko, aende kwanza akapime upana wa njia zao.

Najua wapo watakaonijibu: wazee wa huku hawahitaji mazoezi, kazi zao zenyewe ni mazoezi. Bibi anayebeba beseni la mihogo kichwani kutwa nzima aambiwe akafanye mazoezi? Swali hili ni la haki na ninalichukulia kwa uzito.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Walilinganisha madereva na makonda. Dereva alikaa karibu zamu yake yote. Konda alipanda mamia ya ngazi za basi kwa siku akikata tiketi. Makonda walipata magonjwa ya moyo machache kuliko madereva, na walipougua ugonjwa haukuwa mkali vile. Hapo ndipo dunia ya tiba ilipoanza kuelewa vizuri kwamba kazi ya kujongea huulinda moyo. Kwa hiyo ndiyo, kazi inaweza kusaidia.

Lakini miaka ya karibuni watafiti wa Denmark, akiwamo Andreas Holtermann, wameonyesha upande mwingine. Kazi nzito ya mikono ya kutwa nzima, kubeba, kuinama, kusimama saa 8 bila pumziko, haitoi faida ile inayotolewa na mazoezi ya hiari, na inaweza hata kuuchosha moyo. Ukifanya mazoezi, moyo unapandisha kasi kwa muda mfupi, kisha unashuka na kupumzika, na mwili unajijenga upya. Ukibeba mzigo tangu alfajiri mpaka magharibi, tena kwa njaa, presha inapanda na haishuki. Mchuuzi hachagui uzito wa beseni lake wala hawezi kusema leo goti linauma nitabeba nusu. Kwa hiyo bibi wa mihogo anachoka kupita kiasi na bado hajapata mazoezi. Mgongo wake umetumika wote, msawazo wake haujafundishwa, na mapafu yake yamevuta moshi wa barabarani. Akiacha biashara kwa sababu mwili umekataa, anaruka moja kwa moja kutoka mzigo hadi kitini. Katikati hapakuwa na kitu.

Kisha kuna wale wanaosema wazee wa zamani hawakuhitaji mazoezi. Wanaoishi kama wao, kwa kuwinda na kuchimba mizizi, tunao mpaka leo hapahapa Tanzania. Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo na watafiti, na mwaka 2017 ikachapishwa kwamba kwa siku moja wanapata zaidi ya saa 2 za shughuli za kutosha kuuchangamsha moyo. Bibi wa Kihadza anachimba mizizi ardhini kwa mti uliochongwa. Mwaka 2020 watafiti haohao waliongeza jambo lililonifurahisha mno: Wahadza nao wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini! Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni kuchuchumaa na kupiga magoti, ambako misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kiti hawana.

Sisi wa Pwani tulikuwa na mkeka. Kukaa mkekani na kuinuka mkekani, mara ngapi kwa siku? Kula, kupepeta mchele, kusuka nywele za wajukuu. Na mashehe waliopo hapa wanisahihishe nikikosea: swala za faradhi kwa siku zina rakaa 17, kila rakaa ina sijda 2, basi ni kushuka mpaka paji la uso ligote chini mara 34. Sisemi swala ni mazoezi, swala ni ibada. Ninachosema ni kwamba mzee anaposhindwa kushuka na kuombwa aswali kwenye kiti, dini imempa ruhusa na ni rehema kwake, lakini mimi kama mtaalamu wa viungo nataka kumuuliza: je, tukifanya kazi miezi mitatu, unadhani utarudi kwenye mkeka wa kuswalia? Wengi hawajawahi kuulizwa. Wapo wagonjwa wangu waliorudi, na sijaona mtu akilia kwa furaha kama mzee aliyeugusisha uso wake chini tena.

Mama zangu, nina neno kwenu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2024 yanasema wanawake wasiopata mazoezi ya kutosha duniani ni asilimia 34, wanaume ni asilimia 29. Ukiwauliza waume zenu watasema wanawake wanafanya kazi za nyumbani. Lakini saa ni za nani? Baba akistaafu anapata asubuhi yake: kahawa, baraza, bao, akitaka anazunguka mtaa. Bibi hastaafu. Wajukuu wameletwa, wazazi wao wako kazini au wameondoka, na yeye ana miaka 67 anaanza upya na nepi. Usiku anaumwa miguu. Mchana hana nusu saa iliyo yake.

Halafu kuna maneno ya watu. Bibi mzima kurusha mikono uwanjani! Mtu mzima kukimbia, kuna nini nyumbani kwake? Nimewaona wanawake wakianza kutembea alfajiri na kuacha baada ya wiki kwa sababu jirani aliuliza kwa sauti wanakwenda kwa nani. Kwa hili nawaomba mtazame ng'ambo ya bahari hapo, Zanzibar. Huko mazoezi ya vikundi yameota mizizi. Kila Januari Mosi vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba vinatembea barabarani pamoja, vijana kwa wazee, na wanawake wengi wamo, wamevaa nguo pana na mitandio yao, hakuna aliyevuliwa heshima yake. Kikundi ndicho kinachokata maneno. Mwanamke mmoja akitembea peke yake ataulizwa anakwenda wapi, lakini wakiwa 30 wenye fulana za rangi moja watu wanasogea pembeni wawapishe.

Na msiniambie kwamba mambo haya ni mageni kwenu. Ninyi ndio kizazi cha mchakamchaka. Mlikimbia kabla ya darasa mnaimba, miguu peku kwenye umande. Mlicheza halaiki uwanjani. Wengine mlipita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, mkapiga gwaride mpaka vumbi likasimama. Miili hiyo inakumbuka. Ninapowafundisha wazee zoezi la kutembea huku mguu unainuliwa juu, siwaelezi kitaalamu. Nasema "gwaride", na migongo inanyooka yenyewe.

Serikali imefanya nini? Niwe mkweli kwa pande zote. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Hospitalini kuna dirisha la wazee, na mzee asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo, hata kama utekelezaji wake wengi wenu mnaujua ulivyo. Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nilishiriki Jumamosi zile. Nilifurahi. Lakini niliowaona kwa wingi walikuwa watumishi wa ofisi waliokuja na mabasi, wenye viatu vya mazoezi na maji ya chupa. Mzee wa mtaani alizisikia kwenye redio. Hakuna aliyemkataza kuja, lakini hapakuwa na lolote lililosogezwa karibu na mlango wake.

Sasa angalieni wenzetu. Kigali, tangu 2016, kuna siku ambazo barabara fulani hufungwa, magari hayapiti, watu wanatembea na kukimbia, na wanapimwa presha na sukari hapohapo. Kufunga barabara asubuhi ya Jumapili hakuhitaji mkopo wa nje. Mbali zaidi, katika jiji la Recife, Brazil, mwaka 2002 serikali ya jiji ilianza kuwaajiri walimu wa mazoezi na kuwapeleka kwenye viwanja vya umma, pamoja na mitaa ya watu wa kipato cha chini, saa zinazojulikana, bila kiingilio. Waliojaa walikuwa wanawake, tena wengi wa umri wa makamo na uzee, watu ambao mlango wa jimu hawakuwahi kuugusa. Baadaye, mwaka 2011, Brazil iliufanya mpango wa namna hiyo kuwa wa taifa. Mambo yaliyoufanikisha ni matatu tu, mahali pa umma, saa isiyobadilika, na mwalimu anayelipwa.

Mheshimiwa Diwani, hapo ndipo ninapokuja kwako, na naomba uniwie radhi kwa kusema mbele ya watu.

Katika kata zetu viwanja vya wazi vilivyobaki vinahesabika. Kila kimoja kina mtu anayekitolea macho. Naomba kila kilichobaki kipimwe, kiandikwe, kiwekewe alama na kitangazwe kwenye mkutano wa mtaa ili wananchi wajue ni chao. Uwanja ukishauzwa, hotuba zangu hazina pa kusimama. Pili, shule za msingi zina viwanja, na Jumamosi asubuhi viko tupu, geti limefungwa. Naomba yafunguliwe kwa saa moja na nusu. Mlinzi yupo, choo kipo, kivuli cha mti kipo. Halafu wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Mazoezi ya kumfundisha mzee kuinuka, kusimama mguu mmoja huku ameshika ukuta, kukanyaga kwa kisigino kisha vidole, mhudumu anaweza kuyajifunza kwa siku 2. Niko tayari kuwafundisha, na wenzangu kadhaa wa kazi wamenikubalia kuja bila posho. Na mitaro ifunikwe, tafadhali. Mtaro ulio wazi ni sababu ya nyonga nyingi ninazozipokea.

Mashehe na wachungaji, nyinyi mna ua uliofagiwa na watu wanaowasikiliza. Mkisema kwenye hotuba ya Ijumaa au ibada ya Jumapili kwamba bibi kufanya mazoezi si aibu, mtakuwa mmefanya kazi ambayo mimi nitaifanya kwa miaka 10 nisiimalize.

Kwa wazee wenyewe, maneno machache ya tahadhari. Ukisikia maumivu ya kifua, pumzi kukata kuliko kawaida, au giza machoni, acha na uende zahanati. Mwenye sukari asifanye mazoezi peku, avae viatu vilivyofunika vidole, na akague nyayo zake akirudi. Aliyepata kiharusi aje na mtu wa kumshika. Mnaotumia dawa za presha msiinuke ghafla. Anzeni kidogo, dakika 10 zinatosha wiki ya kwanza. Na kunyweni maji, wazee wangu. Tutalipatia suala la choo ufumbuzi, hata kwa mti uliochimbiwa ukutani wa kushikilia, au kiti cha mbao kilichotobolewa katikati. Fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa siku moja.

Wajukuu na watoto mliowaleta wazee hapa, leo jioni mama akitaka kuosha vyombo vyake, mwacheni. Simama karibu naye ukitaka. Akikutuma dukani mwambie twende wote.

Mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya ukumbi huu yuko hapa, na ameniruhusu kutangaza. Jumamosi hii geti litakuwa wazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili, na Jumamosi zote zinazofuata. Mimi nitakuwa chini ya mwembe. Shule haina viti vya watu wazima, kwa hiyo kila anayekuja abebe kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani, na asiyeweza kukibeba amwambie mjukuu amsaidie kisha abaki naye. Tutaanza na lile zoezi la kusimama na kuketi. Mama wa kanga ya njano, nakuomba usimame mbele pamoja nami ili wenzako wakufuate.

Asanteni kwa kunisikiliza.